Usipoziba Ufa wa Mfupa

Barua ya mwalimu ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mpwa wangu, aliyekuwa na umri wa miaka 11, alikuwa amezuka na tabia ya kulaza kichwa juu ya dawati kila ifikapo saa nne ya asubuhi, na kwamba akiulizwa sababu hujibu neno moja tu: mgongo. Mwalimu aliwaomba wazazi wazungumze na mtoto wao kuhusu uvivu. Dada yangu alinisomea barua hiyo kwa simu, nami, kwa kuwa ni mjomba na tena mfunza walimu, nikaombwa nimseme kijana. Nilimsema. Nilimwambia akae wima, kwamba mgongo humwuma kila mtu anayeketi kwa muda mrefu, na kwamba mwanafunzi hodari hashindwi na dawati. Alinijibu kwa adabu, "Ndiyo, Mjomba." Hayo yalikuwa mwezi Februari mwaka 2023. Mwezi Mei mwaka uo huo, picha ya eksirei ilionyesha kwamba pingili tatu za uti wa mgongo wake zilikuwa zimebonyea kama debe lililokaliwa na mtu mzito.

Nimeanza kwa kukiri kosa langu ili msomaji asidhani kwamba ninamwandama mwalimu yule. Yeye hakujua. Mimi niliyetundika shahada ya uzamifu ukutani sikujua vilevile. Wala siandiki leo kama daktari, kwa maana taaluma yangu ni isimu na kazi yangu ni kuyachunguza maneno. Ninaandika kama mtu aliyesoma baada ya kuchelewa, akawauliza waliobobea mpaka akaelewa, na ambaye angetamani sana mtu mwingine angeliandika makala kama haya kabla ya Februari ile.

Mpwa wangu anaugua maradhi ya kudhoofika kwa misuli yaitwayo Duchenne, kwa jina la tabibu Mfaransa Guillaume Duchenne aliyeyaeleza kwa kina katika miaka ya 1860. Maradhi haya huwapata takriban wavulana pekee, yapata mmoja katika kila wavulana 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni moja iliyo kwenye kromosomu X, ambayo kazi yake ni kuelekeza utengenezaji wa protini iitwayo distrofini. Protini hiyo ilitambuliwa mwaka 1987 na watafiti wa Boston nchini Marekani, miongoni mwao Eric Hoffman na Louis Kunkel. Hiyo ndiyo inayoulinda utando wa seli ya msuli kila msuli unapojikunja na kujikunjua. Isipokuwapo, msuli huchanika kidogo kidogo kwa kazi za kawaida za kila siku, na hatimaye nafasi yake huchukuliwa na mafuta na makovu.

Dalili zake si ngeni kwa mwalimu wa chekechea aliye makini. Mtoto huchelewa kutembea, huanguka mara kwa mara, hupanda ngazi kwa taabu, na akitaka kuinuka kutoka sakafuni huukwea mwili wake mwenyewe kwa mikono, akishika magoti kisha mapaja hadi asimame. Daktari Mwingereza William Gowers aliieleza namna hiyo ya kuinuka mwaka 1879, na hata leo hujulikana kwa jina lake. Bila matibabu, wengi wa wavulana hawa huacha kutembea kabla ya kutimu miaka 13. Tena naomba ieleweke kwamba hapa hapana uchawi wala laana. Hata yule mama ambaye jamaa za mume humnyoshea kidole aghalabu huonewa, maana kwa yapata thuluthi moja ya watoto hawa hitilafu ile haikurithiwa kwa mtu, bali ilizuka upya.

Dawa iliyothibitishwa kuuchelewesha udhaifu huo ni ya kundi la steroidi, hasa prednisoloni na ndugu yake deflazakoti. Majaribio yaliyochapishwa Marekani mwaka 1989 yalionyesha wazi kwamba wavulana waliopewa dawa hiyo walikuwa na nguvu zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Tangu hapo imebainika kuwa dawa hii humwongezea mtoto muda wa kutembea, huyasaidia mapafu yake, na humpunguzia hatari ya mgongo kupinda upande. Mpwa wangu alianza kuimeza akiwa na umri wa miaka saba, na kila asubuhi aliyoamka akatembea mwenyewe hadi shuleni, kwa kiasi kikubwa ilikuwa ni kwa hisani ya vidonge vile.

Hapa ndipo isimu inapoingia. Katika nchi hii ya wanariadha, neno steroidi tumelizoea katika taarifa za michezo, pale mkimbiaji anapofungiwa kwa kutumia dawa zilizopigwa marufuku. Kwa hiyo wanafunzi wenzake mpwa wangu waliposikia anameza steroidi, wengine walimcheka kwamba anatumia dawa za wanariadha na bado hawezi kukimbia. Jamaa mmoja wa familia alikwenda mbali zaidi, akatamka kwamba dawa ya kujenga misuli haiwezi kuwa na madhara kwa mtoto ambaye misuli yake ndiyo iliyopungua. Wote walikuwa wameponzwa na neno moja lenye maana mbili. Steroidi za wanariadha hufanana na homoni ya kiume na hukuza misuli. Steroidi alizopewa mpwa wangu hufanana na homoni ya kotisoli, itengenezwayo na tezi ndogo zilizo juu ya figo, na kazi yake ni kutuliza uvimbe na uchochotaji ndani ya msuli. Zimechangia jina kwa sababu ya umbo la kikemikali tu. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba kuna kaa wa pwani na kuna kaa la moto. Anayejua neno tu asijue ngeli atatia mkono jikoni akitafuta kitoweo.

Sasa tuje kwenye mfupa wenyewe. Wengi wetu hudhani kwamba mfupa ni kitu kama jiwe, kikishaumbwa kimeumbwa. La hasha. Mfupa ni nyumba inayobomolewa na kujengwa upya kila siku maisha yote. Ndani yake mna seli ambazo kazi yake ni kubomoa sehemu zilizochakaa, na mna nyingine ambazo ni waashi wa kujenga upya. Katika mtoto mzima wa afya, waashi huwashinda wabomoaji, ndiyo maana mifupa yake hukua na kukomaa. Steroidi zikitumiwa kwa muda mrefu huwadhoofisha waashi na kuwaua baadhi yao, ilhali wabomoaji huendelea na kazi. Fauka ya hayo, dawa hizi hupunguza kiasi cha kalsiamu kinachofyonzwa na utumbo, huongeza kiasi kinachopotea kwa mkojo, hudumaza kimo, na huchelewesha kubaleghe, wakati ambapo mifupa ya wavulana wengine hupata nguvu kwa kasi.

Hayo yangekuwa mazito hata kwa mtoto mwenye misuli timamu. Lakini mfupa hupata nguvu kwa kuvutwa na msuli na kwa kubeba uzito wa mwili. Mtoto asiyeruka kamba, asiyecheza kandanda, asiyepanda mwembe, mifupa yake hukosa ile kazi inayoiimarisha. Watoto wa Duchenne huwa na mifupa myepesi hata kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Kwa hiyo mtoto huyu hushambuliwa pande mbili kwa wakati mmoja, na maradhi yake na dawa yake. Sehemu inayoathirika mapema zaidi ni pingili za uti wa mgongo, kwa sababu ndani yake zimejengwa kwa mtandao mwembamba kama sega la nyuki, na mtandao huo ndio unaoliwa kwanza.

Wala jambo hili si geni katika elimu ya tiba. Mwaka 1932 daktari wa upasuaji Mmarekani Harvey Cushing aliwaeleza wagonjwa ambao mifupa yao ilikuwa imelainika pamoja na kunenepa uso na kiwiliwili, hali tunayojua sasa kwamba hutokana na kotisoli kuzidi mwilini. Mwaka 1948 dawa ya kotisoni ilitumiwa kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa baridi yabisi huko Rochester, katika jimbo la Minnesota, na miaka miwili baadaye Philip Hench, Edward Kendall na Tadeus Reichstein wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Yaani sifa za dawa hizi na lawama zake zote mbili zilijulikana kabla Kenya haijapata uhuru. Kilichokosekana ni habari hiyo kutoka katika vitabu vya madaktari ikafika kwenye dawati la Gredi ya Tano.

Siku ya picha ile, daktari alimwambia dada yangu kwamba mifupa mitatu ya mgongo wa mtoto wake "imevunjika". Dada yangu aliganda. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Alianguka lini?" La pili, alilolisema kwa sauti ya chini, lilikuwa iwapo angeshtakiwa kwa kumpiga mtoto. Katika Kiswahili chetu, kitu huvunjika kwa kishindo: kikombe huvunjika, mguu huvunjika, hata ndoa huvunjika, na majirani husikia. Pingili ya mtoto anayemeza steroidi haivunjiki hivyo. Hubonyea. Hukandamizwa na uzito wa kawaida wa kuketi, kuinama, au kupanda matatu, na mara nyingi haitoi maumivu yoyote mpaka zimebonyea kadhaa. Mpwa wangu, kwa bahati mbaya iliyokuwa bahati njema, alisikia maumivu. Alituambia kwa miezi mitatu. Sisi tulikuwa tunasubiri kishindo.

Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mtoto pekee ndiye aliyekuwa na habari za mgongo wake, na watu wazima wote tuliomzunguka, wenye vyeti na vyeo, tulimsahihisha kana kwamba amekosea sarufi.

Miongozo ya matibabu iliyochapishwa na jopo la wataalamu wa kimataifa mwaka 2018 iko wazi juu ya suala hili. Inapendekeza kwamba mtoto wa Duchenne anayetumia steroidi apigwe eksirei ya uti wa mgongo kutoka ubavuni kila baada ya mwaka mmoja au miwili, hata kama halalamiki. Inapendekeza pia apimwe uzito wa mifupa na kiwango cha vitamini D kila mwaka, na pindi ionekanapo dalili ya kwanza ya kubonyea au kuvunjika, apelekwe kwa mtaalamu wa mifupa bila kungoja. Sababu ya haraka hiyo ni ya kutia moyo. Mtoto akiwa bado anakua, na matibabu yakianza mapema, pingili iliyobonyea yaweza kurudia umbo lake kwa kiasi fulani. Akichelewa, hubaki ilivyo, na jirani yake hufuata. Methali ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta tumeitungia watoto insha nyingi mno, lakini sidhani kama kuna mahali inapofaa zaidi kuliko hapa.

Matibabu yenyewe ni dawa za kundi la bisifosfoneti, zinazotiwa mwilini kupitia mshipa, ambazo huwazuia wale wabomoaji. Kabla ya kupewa, mtoto hupimwa kalsiamu na vitamini D, na dozi ya kwanza hutolewa chini ya uangalizi kwa kuwa huweza kuleta homa na maumivu ya mwili. Mpwa wangu alisafirishwa hadi Nairobi kwa ajili hiyo. Baada ya wiki kadhaa maumivu yalipungua. Baada ya miezi kadhaa alikuwa akiketi darasani kutwa.

Lakini kabla ya kufika huko tulifanya kosa la pili, nalo lingemwua. Shemeji yangu, mtu mwema na mkimya, alipoelewa kwamba dawa ndiyo iliyoila mifupa ya mwanawe, alirudi nyumbani akaichukua chupa ya vidonge akaitupa katika shimo la choo. Nani angemlaumu? Hata mimi niliona ni busara ya baba. Siku ya tatu mtoto alitapika mfululizo, akalegea, akashindwa kuinua kichwa. Tulimkimbiza hospitalini usiku, naye akaokolewa kwa kudungwa ile homoni iliyokosekana. Daktari alitueleza kwamba mwili uliopokea steroidi kwa miaka mingi huacha kutengeneza kotisoli yake. Zile tezi zilizo juu ya figo hulala, mithili ya mtumishi aliyepewa likizo ya miaka minne. Huwezi kumwamsha kwa siku moja. Dawa hizi hazikatizwi ghafla kamwe. Zikihitaji kupunguzwa, hupunguzwa polepole kwa amri ya daktari. Na mtoto anayezimeza akiugua sana, akitapika asiweze kuzimeza, akivunjika mfupa au akifanyiwa upasuaji, huhitaji homoni hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi, si kidogo.

Kwa hiyo nawasihi wazazi watakaosoma makala haya wasiifanye dawa kuwa adui. Dawa hii ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Bila hiyo mpwa wangu angeacha kutembea mapema zaidi. Ipo dawa mpya ya jamii hiyo, vamoroloni, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Oktoba mwaka 2023 na katika Umoja wa Ulaya mwezi Desemba, na majaribio yake yalionyesha kwamba haidumazi kimo kama ifanyavyo prednisoloni. Hayo ni matumaini. Hata hivyo, mtoto wa Kenya anayemeza prednisoloni leo hahitaji kungoja matumaini ili mgongo wake upigwe picha.

Nyumbani yapo ya kufanya yasiyohitaji fedha nyingi. Uji wa wimbi, maziwa, sukuma wiki, na omena wanaoliwa pamoja na miba yao, vyote vina kalsiamu. Jua lipo la kutosha, mradi mtoto atolewe nje badala ya kufichwa chumbani kwa haya ya wakubwa. Kwa kuwa steroidi huongeza hamu ya kula na kunenepesha, soda na mandazi vipunguzwe, maana kila kilo ya ziada ni mzigo kwa mgongo uliokwisha kuchoka. Lakini nisieleweke vibaya. Chakula peke yake hakiinui pingili iliyobonyea, na yeyote anayewauzia wazazi unga wa miujiza wa kuimarisha mifupa anawaibia muda.

Sasa nizungumze na walimu wenzangu, kwani mtoto hukaa nasi saa nyingi za mchana kuliko akaazo na mamaye. Kwanza, mtoto mwenye maradhi haya au anayetumia steroidi kwa muda mrefu akisema mgongo unamwuma, aaminiwe siku hiyo hiyo na wazazi waarifiwe kwa maandishi. Asiambiwe akae wima. Aruhusiwe kujilaza kidogo, na jambo hilo lisiitwe uvivu.

Pili, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kwa kushikwa makwapani. Wanafunzi wenzake wana mioyo mizuri, na mara nyingi ndio wanaombeba kumpeleka msalani, lakini wafundishwe namna ya kufanya hivyo, wakiwa na mtu mzima. Kama ana kiti cha magurudumu, mkanda ufungwe kila mara, hata kwa safari ya kutoka darasani hadi bwaloni. Mifupa mingi ya watoto hawa huvunjika kwa kuanguka kutoka kitini au kwa kuinuliwa vibaya. Kwa mtoto anayetembea bado, kuvunjika mguu mara moja kwaweza kuwa mwisho wa kutembea, kwa sababu msuli uliolazwa wiki nyingi ndani ya plasta haurudi ulivyokuwa. Ndiyo maana mzazi anapaswa kumwuliza daktari iwapo mfupa waweza kuungwa kwa upasuaji ili mtoto asimame upesi.

Tatu, mtoto huyu akianguka, kisha saa chache au hata siku moja mbili baadaye akaanza kuhema kwa shida au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitalini mara moja. Mafuta kutoka ndani ya mfupa uliojeruhiwa huweza kuingia katika damu yakafika mapafuni. Hilo ni jambo la dharura, wala si la kungoja mzazi atoke sokoni.

Nne, katika mkoba wake pawe na barua ya daktari inayotaja dawa anazotumia na inayosema zisikatizwe. Mwalimu wa zamu aijue barua hiyo ilipo. Tano, ingawa viboko vilipigwa marufuku shuleni mwetu tangu mwaka 2001, tujiulize kwa unyofu kama marufuku hayo yamefika katika kila darasa. Kwa mtoto mwenye mifupa ya namna hii, hata kusukumwa kwa mzaha ni hatari. Na kwenu wanafunzi nasema hivi: mwenzenu mwenye mashavu ya mviringo hakuyapata kwa ulafi. Ni alama ya dawa inayompigania.

Najua lipo pingamizi, na nimelisikia kwa masikio yangu katika chumba cha walimu wa chuo. Kwamba haya ni maradhi ya watu wachache, katika nchi ambayo bado inazika watoto kwa malaria. Siidharau hoja hiyo. Lakini tuitazame gharama. Sijaomba mashine mpya. Mashine ya eksirei imo katika hospitali nyingi za kaunti, na picha ya mgongo kutoka ubavuni haihitaji ufundi wa ajabu. Kinachokosekana ni agizo lililoandikwa, kwamba kila mtoto anayetumia steroidi kwa muda mrefu apigwe picha hiyo kwa ratiba. Na watoto hao si wa Duchenne pekee. Wamo pia wenye maradhi ya figo na wenye baridi yabisi ya utotoni, ambao dawa yao ni ile ile na mifupa yao huliwa vivyo hivyo. Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya matibabu katika kifungu cha 53, na katika kifungu cha 54 inawapa wenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuzifikia shule. Haki hizo zinaanzia kwenye fomu ya kuomba picha.

Tena liko jukumu letu sisi wa lugha. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi ya Kenya, lakini siku ile hospitalini hakuna yeyote kati yetu aliyekuwa na neno la kumwezesha dada yangu kuuelewa mgongo wa mwanawe. Napendekeza tuseme mfupa kubonyea, pale tunapomaanisha kubonyea, tusiseme kuvunjika. Tuseme mifupa myepesi, neno ambalo bibi kijijini ataelewa bila kufasiriwa. Tumwulize mtoto maswali yenye majibu: Unauma ukikaa au ukilala? Unauma ukigeuka kitandani? Unauma nikigusa hapa? Mtihani wa istilahi ni mmoja tu, kwamba mama atoke hospitalini akijua la kufanya kesho. Shule zinazotafuta siku ya kulizungumzia jambo hili zinaweza kuitumia tarehe 7 Septemba, Siku ya Duchenne Duniani, iliyochaguliwa kwa sababu jeni ya distrofini ina vipande 79, yaani saba na tisa.

Mpwa wangu aliacha kutembea mwaka 2024. Misuli ya miguu ilichoka, kama tulivyokuwa tumeonywa, na hapana kidonge kilichoweza kuzuia hilo milele. Lakini mgongo wake u wima, haumwumi, na kwa kuwa anaketi bila maumivu anasoma. Mwalimu aliyeandika barua ile ndiye aliyeleta godoro dogo la sponji kutoka nyumbani kwake akaliweka nyuma ya darasa, na kila ifikapo saa nne humwambia mtoto alale kidogo kama anataka. Siku hizi mara nyingi hataki.

Nilipomtembelea mara ya mwisho nilimwomba radhi kwa yale niliyomwambia kwa simu. Aliniangalia kwa mshangao, kisha akasema, "Lakini Mjomba, mimi nilikwambia." Naam, alikuwa ameniambia.